Pima udongo kwanza, mbolea baadae: namna ya kurekebisha udongo wenye asidi, shamba la mazao na shamba la miti

Wakuu, kinachoangusha mashamba mengi kimyakimya mara nyingi sio ukosefu wa mbolea, ni asidi. Mtu anaweka mbolea ya kupandia, anaweka ya kukuzia, msimu unaofuata anaongeza mfuko na mavuno bado yanarudi nyuma, anaanza kulaumu mbegu, anasema mbolea ni feki, kumbe mbolea ipo pale pale ardhini ila udongo umeifunga na mzizi hauwezi kuifikia. Kumwaga mbolea kwenye udongo wenye pH 4.8 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikizidi kushuka chini ya 7 ndo asidi inazidi) ni kuzika hela, na inaniuma kuona mtu anazika hela ya jasho wakati kipimo kimoja kingemwonyesha shida iko wapi. Mwongozo huu unafaa kwa mwenye mahindi, maharage au mboga, na unafaa pia kwa mwenye miti ya mbao na nguzo, maana kemia ya udongo ni ile ile ila miti ina mambo yake nitayaeleza mbele.

Hatua ya 1: Chukua jembe uchimbe, usianzie kwenye majani

Wengi wanaanza kwa kukagua majani. Majani hayasemi uongo ila yanachelewa, ukishaona dalili juu ujue chini shida imeanza siku nyingi. Anza na mzizi. Chagua mmea mmoja uliostawi na mmoja uliodumaa, chimba pembeni ya kila mmoja hadi kama sentimita 40, ng'oa taratibu na udongo wake halafu suuza mizizi kwenye ndoo ya maji. Mzizi mzima ni mrefu, mweupe, una vijizizi vyembamba vingi kama nywele. Mzizi uliopigwa na asidi ni mfupi, mnene, ncha zimevimba na kuwa kahawia, vile vijizizi vyembamba havipo kabisa. Hiyo ni kazi ya aluminiamu. Aluminiamu ipo kwenye kila udongo wa mfinyanzi lakini pH ikiwa juu ya 5.5 inakuwa imetulia haimdhuru mtu, ikishuka chini ya hapo inaanza kuyeyuka kwenye maji ya udongo na kuzuia ncha ya mzizi isirefuke, na kadiri pH inavyozidi kushuka ndo sumu inavyozidi. Mmea wenye mizizi ya namna hiyo jua likikaza wiki mbili tu unanyauka, hata kama chini kuna unyevu, kwa sababu mizizi haikufika.

Kuna kitu kimoja watu wanachanganya hapa. Ukikuta mizizi imeshuka hadi sentimita 15 au 20 halafu ikakata kona kulala pembeni, inaweza kuwa aluminiamu au inaweza kuwa tabaka gumu lililogandamizwa na trekta na jembe la kila mwaka kwenye kina kile kile. Kuzitofautisha ni rahisi: chukua waya mnene au spoku ya baiskeli, wakati udongo una unyevu, choma kwenye ukuta wa shimo kuanzia juu kushuka. Ikifika pale mizizi ilipokata kona waya ukagoma, una tabaka gumu na chokaa, ambayo ndo dawa ya asidi, peke yake haitakusaidia, unahitaji kulivunja. Waya ukiingia laini kabisa na bado mizizi haikutaka kupita, shida ni ya kemia.

Kama una maharage, soya au karanga, angalia na vinundu kwenye mizizi. Pasua kimoja kwa kucha. Ndani kukiwa na rangi ya pinki au nyekundu bakteria wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni hewani, kukiwa na weupe au kijivu hawafanyi, na vinundu vikikosekana kabisa mara nyingi asidi ni mshukiwa wa kwanza, maana bakteria wale hawaipendi na pia wanahitaji molibdeni ambayo inafungwa pH ikiwa chini.

Baada ya hapo ndo utazame majani. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu zinahamishika ndani ya mmea, kwa hiyo zikipungua mmea unazinyang'anya kwenye majani ya zamani kupeleka kwenye machanga, dalili unaiona chini. Chuma, kalsiamu na boroni hazihamishiki kirahisi, dalili zake ziko juu kwenye majani machanga na ncha. Kwenye mahindi upungufu wa naitrojeni unaonekana kwa njano inayoanzia ncha ya jani la chini na kuingia katikati kwa umbo la V, potasiamu inaunguza kingo za jani la chini, fosforasi inaleta zambarau kwenye mmea mchanga. Lakini zambarau inaweza pia kuletwa na baridi au mizizi iliyoumizwa, kwa hiyo usikimbilie kununua kitu kwa sababu ya rangi ya jani.

Hatua ya 2: Kuchukua sampuli, na hapa ndo watu wanaharibu

Maabara inapima ulichopeleka. Ukipeleka udongo wa sehemu moja tu majibu yatakuwa sahihi kwa sehemu hiyo, sio kwa shamba. Fikiria hivi: hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo kama tani 2,600, na maabara inachukua gramu chache kutoka kwenye mfuko wako, kwa hiyo zile gramu chache lazima ziwakilishe shamba lote.

Gawa shamba kwanza. Mteremko peke yake, bondeni peke yake, palipo na udongo mwekundu peke yake na palipo na mweusi peke yake, panapowekwa samadi kila mwaka peke yake. Kila kipande kina sampuli yake. Ndani ya kipande tembea kwa zigizaga ukichukua udongo sehemu 15 hadi 20. Ruka kichuguu, ruka palipochomwa takataka, palipokuwa zizi, kingo za shamba, njia ya ng'ombe na mistari iliyowekwa mbolea.

Pale unapochimba, ondoa majani ya juu, chimba shimo dogo la umbo la V hadi sentimita 20, kisha kata kipande chembamba cha udongo kwenye ukuta wa shimo kuanzia juu hadi chini, unene sawa. Hili la unene sawa ni muhimu, kwani juu kuna mboji na mbolea nyingi kuliko chini, ukichukua nyingi ya juu majibu yatakudanganya kwamba shamba lina afya. Weka kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki usiitumie, inaongeza zinki kwenye sampuli. Mikono iwe safi, na mfuko uliokuwa na mbolea, chumvi au saruji usiuguse kabisa kwa kazi hii.

Changanya vizuri, vunja mabonge, toa mawe na mizizi, tandaza kwenye karatasi safi, gawa robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka ubaki na kama nusu kilo. Anika kivulini, sio juani wala sio karibu na moto. Andika jina la kipande, kina, tarehe, zao lililopita na zao unalotaka kupanda.

Kwa shamba la miti chukua vina viwili, 0 hadi 20 na 20 hadi 40, mifuko tofauti, maana mizizi ya mti inashuka na mara nyingi asidi kali iko kule chini. Na usipime muda mfupi baada ya kuweka mbolea au chokaa, subiri miezi miwili mitatu, vizuri zaidi pima baada ya kuvuna ili ubaki na muda wa kurekebisha.

Kuhusu vipimo vya nyumbani: siki ukiidondoshea kwenye udongo mkavu ikatoa mapovu udongo una chokaa yake tayari, usiongeze nyingine. Vile vijiti vya chuma vya kuchomeka ardhini vinavyoonyesha namba sivitegemei kwa maamuzi ya hela. Karatasi za kupimia pH pamoja na maji yaliyochujwa zinakupa picha ya jumla, sio zaidi.

Hatua ya 3: Kusoma majibu bila kuogopa

Karatasi ikirudi ina namba nyingi, anza na pH. Namba hii haipandi kama namba za kawaida, kila hatua moja ni mara kumi, yaani udongo wa pH 5 una asidi mara kumi ya wa pH 6, na wa pH 4 mara mia ya wa pH 6. Ndo maana tofauti ya 5.0 na 5.6 kwenye karatasi inaonekana ndogo ila shambani ni mazao tofauti kabisa. Cheki pia imepimwa kwenye nini, kwani pH iliyopimwa kwenye maji inakuwa juu kuliko iliyopimwa kwenye maji ya chumvi (kloridi ya kalsiamu au ya potasiamu) kwa kama nusu hadi moja nzima, watu wanalinganisha majibu ya maabara mbili wanadhani udongo umebadilika kumbe njia ndo tofauti.

Ikipimwa kwenye maji, mazao mengi yanastarehe kati ya 5.8 na 6.8. Chai inapenda 4.5 hadi 5.5, ukiiwekea chokaa unaiumiza. Ikifika juu ya 8.5 mara nyingi ni chumvi ya sodiamu, hapo chokaa haina kazi, kinachotakiwa ni jasi (salfeti ya kalsiamu) na njia ya maji kutoka, na hiyo ni safari nyingine.

Fosforasi: usisome namba bila jina la njia. Njia ya Olsen, Bray na Mehlich 3 zinatoa namba tofauti kwa udongo ule ule. Kwa Olsen chini ya miligramu 10 kwa kilo ni kidogo kwa mazao mengi. Na kumbuka fosforasi ina maadui pande mbili, pH ikiwa chini inakamatwa na chuma na aluminiamu, ikiwa juu inakamatwa na kalsiamu, inapumua vizuri kati ya 6 na 7.

Halafu kuna CEC, watu wanairuka na ndo moja ya namba zenye faida sana. Ni uwezo wa udongo kushika virutubisho. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, zinashika kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na amonia ambazo zina chaji chanya. Naitreti ina chaji hasi, haishikwi, mvua kubwa ikija inashuka nayo. Udongo wa kichanga wenye CEC chini ya 5 hauwezi kushika mbolea nyingi kwa wakati mmoja, huo ugawie mbolea kidogo kidogo mara tatu, ukimwaga yote siku moja unalisha mto. Mboji kwa uzito wake inashika mara nyingi zaidi ya mfinyanzi wa udongo mwekundu, kwa hiyo ukiipoteza mboji kwenye udongo wa namna hiyo umepoteza ghala.

Kaboni ya udongo zidisha kwa 1.72 upate makadirio ya mboji. Na mwisho tafuta aluminiamu inayobadilika, yaani ile iliyoshikwa kwenye chembe za udongo na inayoweza kuachia, imeandikwa kwa kipimo cha sentimoli kwa kilo ya udongo. Kama maabara haijaipima na pH yako ni chini ya 5.5, waombe waipime, utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 4: Chokaa, kiasi gani na lini

Usimwage chokaa kwa kukisia wala kwa sababu jirani kaweka. Kiasi kinategemea aluminiamu na aina ya udongo, sio pH peke yake, mfinyanzi wenye mboji nyingi unahitaji chokaa nyingi zaidi ya kichanga hata kama pH ni sawa, kwani asidi nyingi imeshikiliwa kwenye chembe na inaendelea kutoka.

Hesabu yake: kuondoa sentimoli 1 kwa kilo ya aluminiamu kwenye hekta moja kwa kina cha sentimita 20 unahitaji kama tani 1.3 ya chokaa safi. Watu wanazidisha aluminiamu kwa 1.5 kwa mazao mengi, na 2 kwa yale yanayoonewa sana na asidi. Tuseme karatasi imesema 1.5. Zidisha kwa 1.5 unapata 2.25, zidisha kwa tani 1.3 unapata kama tani 2.9 kwa hekta. Sasa chokaa yako haiko safi kwa asilimia mia, angalia kwenye mfuko nguvu yake, ikiwa asilimia 80 gawa 2.9 kwa 0.8 inakuja kama tani 3.6 kwa hekta, ambayo kwa ekari ni karibu tani moja na nusu, mifuko 30 ya kilo 50. Ni mizigo, najua, ila hufanyi kila mwaka, na ukiona ni nyingi gawa nusu mwaka huu nusu mwaka ujao.

Kuhusu aina: chokaa ya kawaida ya mawe ya kusaga ni kalsiamu, dolomaiti ina kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo kama magnesiamu yako iko chini chukua dolomaiti. Chokaa ya kupakia kuta ina nguvu zaidi kama mara 1.35 lakini inaunguza ngozi na macho na inapandisha pH kwa haraka mno, sio ya kuchezea. Jasi haipandishi pH, usiuziwe kama chokaa, kazi yake nzuri kwenye udongo wenye asidi ni kushusha kalsiamu chini kusaidia mizizi ya kina. Majivu ya kuni yanafanya kazi, yana kalsiamu na potasiamu, ila nguvu yake ni kama nusu ya chokaa au pungufu na inabadilika sana, na hayana naitrojeni kabisa, iliondoka na moshi.

Sugua chokaa kati ya vidole. Iwe unga laini. Iliyo na punje kubwa za milimita 2 na kuendelea itakaa ardhini miaka bila kufanya kitu, unayohitaji ni ile inayopita kwenye chekeche laini sana.

Mwaga miezi miwili hadi mitatu kabla ya kupanda, siku isiyo na upepo, vaa barakoa, gawa kiasi chako mara mbili, nusu mwaga ukienda kaskazini kusini na nusu mashariki magharibi ili isambae sawasawa, halafu lima uichanganye hadi sentimita 15 au 20. Chokaa haitembei, ikiachwa juu inarekebisha sentimita chache za juu tu. Bila unyevu pia haifanyi kazi. Na tafadhali usiimwage siku moja na urea, mbolea ya amonia au samadi mbichi, naitrojeni itageuka gesi iondoke, ile harufu kali utakayoisikia ndo mbolea yako hiyo. Acha wiki mbili tatu katikati.

Lengo liwe 5.8 hadi 6.2 kwa udongo mwekundu, usitafute 7. Ukipitiliza zinki, chuma, manganizi na boroni zinafungwa, na kuishusha pH ni kazi ngumu kuliko kuipandisha.

Hatua ya 5: Sasa ndo mbolea

Namba kwenye mfuko ni asilimia. Urea ni 46 ya naitrojeni. DAP, mbolea ya kupandia, ni 18 ya naitrojeni na 46 ya fosforasi, lakini ile 46 ni fosforasi kwa mfumo wa oksaidi, kupata fosforasi halisi zidisha kwa 0.44. Potashi nayo zidisha kwa 0.83. Maabara ikikupendekezea kilo 60 za naitrojeni na 20 za fosforasi halisi kwa hekta, anza na fosforasi: 20 gawa kwa 0.44 ni 45.5, gawa kwa 0.46 unapata kama kilo 99 za DAP. Hizo zimekuletea na naitrojeni kama kilo 18, bado 42, gawa kwa 0.46 unahitaji kilo 91 hivi za urea kwa kukuzia. Hesabu ya dakika tano inayookoa mifuko.

Urea ifukie sentimita 5, ukiiacha juu ya udongo hasa wenye unyevu na joto sehemu yake inapaa, na kama umeweka chokaa karibuni inapaa zaidi.

Na hili lishike kwa sababu ndo linarudisha watu walikotoka: mbolea za naitrojeni zenyewe zinatengeneza asidi. Amonia ikigeuzwa naitreti na bakteria, asidi inaachwa kwenye udongo. Kwa kila kilo ya naitrojeni kutoka urea unahitaji kama kilo 1.8 za chokaa kufuta asidi yake, kutoka salfeti ya amonia kama kilo 5.4. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna jaribio la majani la Park Grass lililoanza 1856, vipande vinavyopewa salfeti ya amonia bila chokaa pH ilishuka chini ya 4 na aina za majani zikabaki chache mno. Simaanishi uache mbolea, bila naitrojeni huvuni kitu. Namaanisha chokaa iingie kwenye bajeti ya mbolea tangu mwanzo. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni ya kukuzia, ina chokaa ndani yake, asidi yake ni ndogo, kwa udongo dhaifu ni chaguo zuri kama unaipata.

Samadi na mboji pia ni dawa ya aluminiamu, asidi za mboji zinaikamata na kuituliza, kwa hiyo asiyeweza chokaa mwaka huu aweke samadi iliyoiva kwenye mashimo au mistari ya kupandia, ataona tofauti. Iliyoiva lakini. Na angalia uwiano wa kaboni na naitrojeni: majani ya mikunde yako kama 15 hadi 20 kwa 1, yanaoza haraka yanalisha. Mabua makavu ni 60 hadi 80 kwa 1, maranda ya mbao ni mamia kwa 1. Ukifukia maranda, vijidudu vinavyoyaozesha vinanyonya naitrojeni yote ya udongo na mazao yako yanakuwa njano msimu mzima. Maranda yatumie juu kama matandazo, usiyachanganye ndani.

Hatua ya 6: Shamba la miti

Miti inajilisha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Kabla jani halijaanguka mti unavuta nyuma kama nusu ya naitrojeni na fosforasi yake au zaidi, kalsiamu inabaki inaanguka nalo, jani linaoza, mizizi ya juu inachukua tena. Kwa hiyo unachopaswa kukilinda kwanza ni zile takataka za chini. Mtu anayefagia na kuchoma majani ya msituni anachoma mbolea ya miaka.

Kwenye kuvuna ndo pana uamuzi mkubwa kuliko wote. Mbao yenyewe ina virutubisho vichache kwa uzito wake, vingi viko kwenye majani, vitawi na gome. Gome la mkaratusi limejaa kalsiamu. Ukibandua magome pale pale shambani na kuyatawanya pamoja na matawi, unatoa mbao tu na udongo unabaki na chakula chake. Ukitoa mti mzima na matawi yake, au ukikusanya kila kitu ukachoma, naitrojeni inapaa, majivu yanachukuliwa na mvua ya kwanza, na kizazi cha pili cha miti kinatoka kimedumaa. Na asidi nayo ina njia hii hii, kila kalsiamu na magnesiamu inayotoka na mzigo bila kurudi inaacha udongo na asidi zaidi, wala sio kwamba sindano za msonobari peke yake ndo zinachachusha udongo kama inavyosemwa.

Chokaa kwenye miti: misonobari na mikaratusi inavumilia udongo wa pH 5 bila shida, usipoteze hela kuipaka chokaa shamba zima. Mitiki ni kinyume, inapenda kalsiamu na pH ya 6.5 kwenda 7.5, kwenye udongo wa asidi kali usiipande tu, chagua mti mwingine. Kitaluni ndo makosa ya chokaa yanapoonekana haraka: miche ya msonobari inataka 5 hadi 6, ukiiwekea chokaa au majivu, au ukimwagilia maji ya kisima yenye chumvichumvi za bikaboneti kwa muda mrefu, sindano za juu zinakuwa njano kwa kukosa chuma na ugonjwa wa kuoza shina unaongezeka. Wengi wakiona njano wanaongeza urea, na hali inabaki vile vile kwa sababu naitrojeni haikuwa tatizo.

Misonobari pia inahitaji kuvu wa mizizi wanaoisaidia kuvuta fosforasi. Sehemu nyingi za tropiki ilipopelekwa mara ya kwanza iligoma kukua mpaka ulipoletwa udongo wa msitu wa misonobari wenye kuvu hao. Ukianzisha kitalu pahali pasipo na misonobari jirani, changanya udongo kidogo wa chini ya misonobari mizima yenye afya. Mivinje, migunga na miwati inavuta naitrojeni yake kutoka hewani, kwa hiyo hiyo ipe fosforasi zaidi.

Mbolea ya kupandia mti weka pembeni, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mche, pande mbili, ifukie. Usiweke chini ya mizizi ndani ya shimo, inaunguza. Lakini palizi kwanza, mche uliozungukwa na majani ukiwekewa mbolea majani ndo yanakula, mwaka wa kwanza palizi ya mita moja kuzunguka mche ina faida kuliko mfuko wowote.

Kitu cha mwisho kwenye miti ni boroni. Mkaratusi wa mwaka mmoja au miwili, kiangazi kikikaza, ncha ya juu inakauka, machipukizi ya pembeni yanachukua nafasi na shina linakuwa na pacha au linapinda, nguzo imeharibika hapo. Wengi wanadhani ni ukame au wadudu. Katafute majani ya juu, yakiwa madogo, manene, yaliyokunjamana na yanavunjika kirahisi, shuku boroni, thibitisha kwa kipimo cha majani kutoka theluthi ya juu ya mti upande wa jua. Gramu 10 hadi 20 za boraksi (chumvi yenye boroni) kwa mti zinatosha, zitawanye kwa duara na sio sehemu moja. Boroni haina huruma, nafasi kati ya kutosha na sumu ni nyembamba, usiongeze mkono.

Hatua ya 7: Kurudia

Acha kipande kidogo bila chokaa, hata mistari minne, na mazao yake yapime peke yake kwa mzani. Bila hicho hutajua kama ni chokaa au ni mvua nzuri ya mwaka ule. Shamba la mazao lipime tena baada ya miaka miwili mitatu, la miti kila unapovuna kabla ya kupanda upya, mwezi ule ule, kina kile kile, maabara ile ile kama inawezekana, kwani pH inayumba yenyewe kati ya kiangazi na masika. Majibu yaweke kwenye daftari moja pamoja na kiasi cha chokaa, mbolea na mavuno ya kila kipande, na kama kipimo cha pili kinaonyesha pH ya tabaka la juu imepanda lakini kile cha sentimita 20 hadi 40 bado aluminiamu iko vile vile, usiongeze chokaa juu, hapo ndo jasi inapata kazi yake.